Maji ya Kupeleka Serikalini

Chupa zilikuwa kumi na mbili, za kioo kinene, kila moja na kizibo chake na karatasi yake ya kuandikia. Joachim Kalinga, mtaalamu wa miamba aliyetumwa na Serikali, alizipanga mwenyewe juu ya mkeka wa Jailos, moja moja, kama mtu anayelaza watoto wachanga. Nje Landrova ilikuwa bado ikinguruma. Mawingu yalikuwa yamekwisha kukaa juu ya mlima Rungwe, na dereva alisema wazi kwamba mvua ikiwakuta upande huu wa mto, watakula Pasaka hapa hapa Majimoto.

"Sikiliza, mzee," alisema Kalinga. "Masika hii sitaweza kurudi. Kazi ya kuchota nakuachia wewe. Tarehe mosi ya mwezi wa nne, asubuhi, nenda kwenye jicho la chemchemi. Siyo mferejini, kwenye jicho. Izamishe chupa kwa koleo mpaka ijae, uizibe hewa isiingie, kisha uyeyushe lakiri hii nyekundu juu ya kizibo. Basi. Haiguswi tena mpaka nije."

"Haiguswi," alirudia Jailos, amesimama wima kama askari.

"Na ukikosea?"

"Sikosei, Bwana Kalinga. Mwaka mzima nimekuandikia joto la maji asubuhi na jioni. Umewahi kukuta siku imerukwa?"

Kalinga alicheka. Alikuwa kijana wa Kihehe, mtu wa Kalenga, mwembamba, mwenye haraka ya watu wasomi. "Hujakosea hata siku moja, mzee. Wazungu wangu wanasema kitabu chako ni safi kuliko changu."

Mke wa Jailos, Ikupa, hakuyasikia maneno hayo. Saa hiyo alikuwa chini bondeni, ameketi ndani ya birika la mawe ambalo mumewe alimchimbia pembeni mwa chemchemi, maji ya moto yakimfika kiunoni. Hakuna aliyemwita. Maelezo ya Serikali yalitolewa kwa mwanamume, ndani ya nyumba ambayo mwanamke ndiye aliyeifagia, na chupa zikawekwa chini ya kitanda ambacho mwanamke ndiye anayekitandika.

Jioni Jailos alimwambia maneno matatu tu: "Hizi za Serikali."

Nyumba ya Jailos ilikuwa imebaki peke yake Majimoto. Wengine wote, kaya thelathini na moja, walikwisha kuhamishiwa kijiji kipya cha Mpandapanda, saa nne kwa mguu wenye afya, kule juu kwenye baridi. Migomba yao ilikuwa bado inazaa, ikaliwa na ngedere. Jailos aliachwa kwa sababu ya barua moja yenye muhuri wa Wilaya: asihamishwe kwa muda wote ambao Serikali inafanya utafiti wa mvuke wa ardhini katika chemchemi hiyo. Mvuke huo, walisema wataalamu, ungeweza kuzungusha mitambo na kuleta umeme Tukuyu, na Mbeya mjini, hata Iringa, pasipo nchi kununua mafuta ya Waarabu. Kwanza pimeni, halafu chagueni, halafu toboeni. Kama chemchemi hii ingechaguliwa, Jailos angekuwa mlinzi wa mitambo hadi uzee wake.

Yeye aliwaza mitambo. Ikupa aliwaza birika.

Ugonjwa wake ulikuwa wa viungo. Ulianza magotini, ukapanda mabegani, mwisho ukavikamata vidole vikajikunja kama mizizi ya tangawizi. Walimpeleka hadi hospitali ya Tosamaganga, siku mbili njiani, na daktari kule alimwambia ukweli pasipo kumzungusha: dawa ya kuumaliza haipo, ila joto litamsaidia, atafute joto. Akacheka Ikupa, akasema, "Joto? Mimi nimeolewa juu ya joto." Tangu siku hiyo Jailos alimbeba kila asubuhi mpaka birikani. Baada ya mwezi akawa anakwenda kwa fimbo. Baada ya mwaka alikuwa anamenya ndizi mwenyewe, na siku moja alimsuka mtoto wa jirani nywele, mistari sita, akalia kwa furaha juu ya kichwa cha mtoto wa watu.

*

Jailos alichota tarehe mosi kama alivyoagizwa. Aliungua kiganja, hakusema. Aliziba, akayeyusha lakiri, akaziweka chupa chini ya kitanda. Wiki mbili baadaye aliitwa Tukuyu kwenye mkutano wa Chama, akaenda kwa miguu, siku tatu.

Siku ya pili Ikupa aliinama kufagia uvunguni. Akavuta chupa moja apate nafasi, akaitazama kwenye mwanga wa mlango, akashtuka.

Chini ya chupa kulikuwa na machicha meupe, kama tui lililokatika. Akavuta ya pili: vivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa na kijani kidogo ubavuni. Aliinusa kwenye kizibo, na hata kupitia lakiri alidhani anasikia ile harufu ya mayai viza.

"Mwe!" alisema peke yake. "Huyu mwanamume anataka kunivua nguo mbele ya Serikali."

Alijua anachokisema. Siku Kalinga alipofika mara ya kwanza na wazungu wawili, Ikupa alikuwa na homa, na mtoto wa jirani ndiye aliyewakaribisha maji ya kunywa, akayachota mferejini. Mzungu mmoja alikunywa funda moja akalitema kwenye ua. Kalinga aliweka kikombe chini polepole, akatoa leso. Hakuna aliyesema neno baya. Lakini Ikupa alikuwa akitazama kupitia ufa wa mlango, na kile kikombe kilichowekwa chini kilimwuma kuliko magoti.

Mama yake alimlea kwa sheria moja juu ya maji: maji ya mgeni huchujwa kwa kitambaa cheupe, chungu chake husuguliwa kwa majivu, na yakiwa na harufu hupunguzwa kwa maji ya kijitoni mpaka harufu itulie. Ukimpa mgeni maji mabaya, umemwambia kwamba hastahili mazuri. Na huyu hakuwa mgeni wa kawaida. Hii ilikuwa Serikali yenyewe, imetuma chupa zake, imeomba maji ya Ikupa. Huko mbali, Dodoma, mezani pa wakubwa, wangezifungua hizo chupa na kuuliza: haya yametoka kwa mke wa nani?

Kwa hiyo alifanya kazi. Jinsi alivyofanya kazi siku ile! Alichubua lakiri kwa kisu, akang'oa vizibo kwa meno na vidole, vile vidole ambavyo miaka miwili nyuma havikuweza kufunga kanga. Akamwaga. Akasugua kila chupa kwa majivu na mchanga laini, akasuuza mara tatu. Akashuka bondeni kwa fimbo, akachota maji ya moto nusu, akayachuja kwa kitambaa cha kanisani, akajaza nusu nyingine kwa maji baridi ya kijito. Akanusa. Harufu ilikuwa imetulia. Akaziba, akazikusanya zile chembe za lakiri ndani ya kifuniko cha kopo, akaziyeyusha upya, akapaka vizuri kuliko mumewe.

Zilipokwisha, kumi na mbili, alizipanga kwenye jua la alasiri akazitazama. Ziling'aa. Mgongo ulimwuma, na moyo wake ulikuwa mwepesi kama wa mwari.

Hakumwambia Jailos. Kuna mwanamke gani anayemwambia mumewe kwamba kazi yake ilikuwa chafu?

*

Kalinga alifika mwezi wa sita, haraka ile ile. Aliinua chupa moja kuelekea jua.

"Safi sana," alisema. "Tazama, dereva. Kama maji ya mvua."

"Tumefanya tulivyoweza," alisema Jailos. Ikupa alitazama chini, akitabasamu.

Kalinga alikaa kwenye kiti cha mbele cha gari, akaandika kwenye zile karatasi moja moja: tarehe, mahali, na chini kabisa, *Imechotwa na*, akatia jina lake mwenyewe. Jailos aliona. Hakuudhika. Alimnong'oneza mkewe kwa fahari, "Ameweka jina lake juu ya mkono wangu."

*

Mwaka huo uliishia vibaya. Redio ilisema adui ameingia Kagera. Malori yalipita barabara kuu ya Mbeya yakielekea Iringa na mbele zaidi, yamejaa vijana wanaoimba. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja Kalinga alirudi Majimoto, akiwa ndani ya lori la Ujenzi lililompa lifti, pasipo wazungu, pasipo haraka.

"Nimekuja kuchukua vifaa, mzee," alisema. "Kipimajoto, ubao wa mferejini na daftari."

Jailos alimtazama. "Vinakwenda kutengenezwa?"

"Vinakwenda kwingine." Kalinga alikaa kwenye kigoda, akatazama viatu vyake. "Majibu ya maabara ya Dodoma yametoka. Tulipima chemchemi tatu. Serikali ina fungu dogo la utafiti, dogo sana, na sasa kuna vita. Nilisimama mbele ya kamati Dar es Salaam, nikapiga meza, nikawaambia: msipowapa wataalamu wenu nafasi ya kutafuta, mtanunua mafuta mpaka wajukuu wenu wafe maskini. Wakanipa moja. Chemchemi moja tu. Na karatasi ya maabara ndiyo iliyochagua."

"Siyo hii."

"Siyo hii, mzee. Maji yenu yameonekana mepesi. Chumvi zake chache mno. Maana yake chini hakuna moto mkubwa, ni maji ya juu juu yaliyopata joto kidogo. Mimi mwenyewe sikuamini. Macho yangu yalisema hapa ndipo. Lakini kipimo ni kipimo."

"Na barua ya Wilaya?"

"Barua inasema kwa muda wa utafiti."

"Nimeelewa," alisema Jailos. Alisimama, akachukua nyundo, akashuka bondeni kung'oa ubao wa Serikali, kwa sababu hata siku hiyo hakutaka mtu mwingine aifanye kazi yake.

Ikupa alikuwa ameketi mlangoni. Neno moja lilikuwa limemkaa kichwani. Mepesi.

"Mwanangu," alisema, "hayo maji yakitiwa ya kijitoni, yanakuwa mepesi?"

"Lazima, mama. Ndiyo maana tunachota kwenye jicho."

"Na yale machicha meupe ya chini?"

Kalinga aliinua kichwa. "Machicha yapi? Zile chupa hazikuwa na machicha."

Ikupa akamwambia. Alimwambia yote, majivu, mchanga, kitambaa cha kanisani, nusu kwa nusu. Alisema kwa sauti ndogo, pasipo kujitetea, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Alipomaliza, uso wa yule kijana ulikuwa umeishiwa damu.

"Kwa nini?" aliuliza Kalinga. "Kwa nini, mama?"

"Yalikuwa yananuka, mwanangu. Ningewapelekeaje?"

Kalinga alifunika uso kwa viganja. Kutoka bondeni ilisikika nyundo ya Jailos, ko, ko, ko.

"Basi waambie," alisema Ikupa. "Waambie mwanamke mmoja mjinga alisafisha. Wachote mengine. Jicho lipo pale pale, halijaenda mahali."

"Haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Kwa sababu nilitia sahihi!" Alisema kwa ukali, kisha akashusha sauti. "Nilitia sahihi kwamba nilichota mimi, kwa mkono wangu. Zile karatasi zimeshachapwa ndani ya ripoti. Mwezi ujao nakwenda ng'ambo kusomea kazi hii hii. Baba yangu kule Kalenga ameshawaambia watu."

"Baba yako atakuelewa."

"Siyo baba tu. Huwajui, mama, huwajui wale watu. Pale mezani wapo wanaotafuta sababu. Wanasema utafiti huu ni anasa, wanasema Mwafrika hawezi. Nikirudi nikasema maji ya Serikali yalisuguliwa kwa majivu, watacheka mpaka walie, na wataifuta hata ile moja waliyonipa. Mradi wote utakufa." Alimshika mkono. Viganja vyake vilikuwa laini, vyenye jasho. "Nyamaza, mama. Nakuomba. Kwa faida ya nchi."

Ikupa alimwangalia. Labda kijana alisema kweli. Labda nusu yake ilikuwa kweli, na nusu ilikuwa ya kuipunguzia harufu.

"Na miguu yangu?" aliuliza.

Kalinga alijipapasa mifukoni. Akatoa kijichupa cha aspirini, kimebaki na vidonge saba, akakiweka juu ya goti la Ikupa taratibu. Kisha akasimama, maana Jailos alikuwa anapanda na ubao begani, ameusafisha tope.

*

Mwenyekiti wa kijiji, Lutengano, alifika baada ya siku nne. Alikuwa mtu mnene, mwenye mzaha, na hakuwa mbaya.

"Ndugu Mtambo!" aliita kutoka mbali. "Umeme wangu uko wapi? Nimeshanunua balbu!"

"Karibu, Mwenyekiti," alisema Jailos.

"Nimekaribia, sasa karibu wewe. Kaya thelathini na moja zinakusubiri. Walisema Jailos ameoa chemchemi, hatatoka. Nikawaambia subirini, atapewa talaka." Akacheka, alipoona hakuna anayecheka, akaacha. "Jumamosi trekta litakuja. Kiwanja chako kiko mwisho, karibu na msitu. Ni pa baridi kidogo, lakini kuni tele."

"Mke wangu hali yake unaijua."

"Naijua. Nami nimeandika. Nimejibiwa kwamba barua ya utafiti imekwisha nguvu, na barua ya ugonjwa hakuna." Lutengano alijikuna shingoni. "Kama Dodoma wangesema haya maji ni dawa, hapo ningekuwa na pa kushika. Lakini wamesema ni maji ya kawaida. Nitamshinda nani mimi?"

"Hakuna," alisema Jailos. "Wamepima."

Ikupa aliona jambo siku zile tatu zilizobaki, likamtisha kuliko trekta. Jailos aliacha kumpeleka birikani. Baridi ya mvua za kwanza ilikuwa imemzidi, fimbo peke yake haikutosha kushukia tope, na asubuhi ya kwanza alimngoja mumewe amkaribie, hakuja.

"Baba Tupo," aliita, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Maji."

"Ya nini?" Jailos alikuwa anafunga majembe kwa kamba, hakugeuka. "Tumejidanganya miaka mingi, Mama Tupo. Ni maji tu, kama ya mvua. Dodoma wana mashine, wameyaona mpaka ndani. Zoea kuanzia sasa, utaumia kidogo kule."

"Nilisuka nywele. Uliona kwa macho yako. Nilitembea."

"Ulikuwa mwaka mzuri," alisema Jailos.

Mtu huyu aliyekuwa ameungua kiganja katika jicho la chemchemi, aliyeandika sitini na mbili, sitini na mbili, sitini na tatu, siku mia tatu na zaidi, sasa aliiamini karatasi ambayo hakuwahi kuiona kuliko ngozi yake. Nani alimfundisha hivyo? Sisi sote tulimfundisha. Tulimwambia kuwa kinachotoka ofisini ndicho kweli, naye alikuwa mwanafunzi mzuri.

Siku ya pili vidole vya Ikupa vilianza kurudi vilikotoka. Siku ya tatu alishindwa kufungua kijichupa cha aspirini, akakirudisha chini ya mto vidonge vikiwa saba.

*

Jumamosi trekta lilifika na tela lake. Kulikuwa na ukungu. Walipakia kitanda, vyungu, mbuzi wawili, milango miwili. Mwisho Jailos alimbeba mkewe, akamketisha juu ya gunia la maharage, akaanza kumfunika kwa blanketi.

Ikupa alimshika kola.

"Ngoja. Kuna neno. Ukiwa na hasira, unishushe uniache hapa, sitalaumu."

"Neno gani?"

"Ni mimi. Zile chupa ni mimi. Ulipokwenda Tukuyu nilizifungua zote. Niliyamwaga maji yako, nikazisugua kwa majivu, nikatia maji ya kijitoni. Yale waliyopima Dodoma siyo yako. Hii chemchemi haina kosa, Baba Tupo, wala wewe huna kosa. Ni mimi niliyetuhamisha."

Dereva wa trekta aligeuka, kisha akatazama mbele haraka. Ikupa alifumba macho akisubiri. Alikuwa tayari kwa kofi, kwa tusi, kwa lolote. Alilitamani hata, ili baada yake mumewe achukue nyundo, aende kwa miguu hadi Dodoma ikibidi, apige kelele kwenye milango yao.

Hakuna kilichokuja. Alipofumbua macho, Jailos alikuwa anamtazama kwa huruma kubwa, huruma ambayo hakuwa ameiona tangu siku walipomzika mtoto wao wa kwanza.

"Ulizifungua," alisema polepole.

"Zote."

"Kumi na mbili. Na vile vizibo nilivyovigonga kwa nyundo. Ukachubua lakiri, ukaipaka tena."

"Ndiyo!"

Jailos aliichukua mikono ya mkewe yote miwili kutoka kwenye kola. Aliigeuza, akaviangalia vile vidole vilivyojikunja, vilivyovimba kwenye viungo, ambavyo asubuhi ile vilishindwa kushika kijiko, akamlisha uji mwenyewe.

"Kwa vidole hivi, mke wangu?"

"Wakati ule viliweza! Maji yaliviwezesha, Baba Tupo, haki ya Mungu, maji ndiyo—"

"Basi, basi." Alikuwa anatabasamu, na macho yake yalikuwa na maji. "Najua unachofanya. Unataka kuniinua kichwa, nisiende kwa watu nikiwa mtu aliyelinda maji ya bure. Ndaga, Ikupa. Ndaga fijo, asante sana. Lakini mwanamume hubeba aibu yake mwenyewe."

Akaiingiza mikono ya mkewe ndani ya blanketi, akalifunga shingoni kwa fundo, fundo ambalo vidole vile visingeweza kulifungua. Kisha akapiga ubavu wa tela kwa kiganja, mara mbili, dereva aondoe.